Sataranji: Kompyuta yaonyesha jinsi bahati huchangia kumpata bingwa

KWA karne nyingi sataranji imesifiwa kuwa mchezo usio na nafasi ya bahati. Hakuna dadu zinazorushwa wala karata zinazochanganywa, na hakuna refa wa kupuliza kipenga kwa mapendeleo. Wachezaji wawili huketi mbele ya ubao mmoja, kila mmoja akiwa na kete 16, na hakuna kilichofichika machoni pa yeyote kati yao. Anayeshindwa hana wa kumlaumu ila nafsi yake.

Imani hiyo ni kweli kuhusu ubao. Kuhusu mashindano, hata hivyo, ina walakini mkubwa. Wataalamu wa hisabati ambao huiga mashindano ya sataranji ndani ya kompyuta, wakiyarudia maelfu ya mara, huonyesha kuwa jedwali la mwisho ni mchanganyiko wa uwezo na nasibu, na kwamba fungu la nasibu ni kubwa kuliko mashabiki wengi wanavyodhani.

Suala hili haliwahusu wasomi pekee. Matokeo ya raundi chache ndiyo huamua nani atawania taji la dunia, nani atateuliwa katika timu ya taifa, nani atapata riziki kutokana na mchezo huo na, wakati mwingine, nani atanyoshewa kidole kuwa ni mlaghai. Penye maamuzi mazito kiasi hicho, ni haki kuuliza matokeo hayo yanathibitisha nini hasa.

NUSU POINTI JIJINI TORONTO

Mfano ulio bayana ni Mashindano ya Wagombea yaliyoandaliwa jijini Toronto, Canada, mnamo Aprili 2024. Wachezaji wanane walikutana mara mbili kila mmoja na mwenzake, yaani raundi 14, ili apatikane mpinzani wa aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, Ding Liren wa Uchina. Mshindi wa mechi hupata pointi moja, sare huleta nusu pointi kwa kila mmoja, na anayeshindwa hutoka mikono mitupu.

Dommaraju Gukesh wa India, aliyekuwa na umri wa miaka 17, aliibuka kidedea kwa pointi 9. Watatu waliomfuata, Wamarekani Hikaru Nakamura na Fabiano Caruana pamoja na Mrusi Ian Nepomniachtchi, walizoa pointi 8.5 kila mmoja. Baada ya takriban majuma matatu ya kukuna vichwa, bingwa na wenzake walitenganishwa na nusu pointi.

Raundi ya mwisho inaonyesha jinsi pengo hilo lilivyokuwa jembamba. Gukesh aliingia akiwa na pointi 8.5, nao wale watatu wakiwa na 8 kila mmoja. Gukesh alitoka sare na Nakamura. Kwenye meza ya pili, Caruana alipata nafasi ya wazi ya kumshinda Nepomniachtchi, lakini ikamponyoka na mechi ikaisha sare baada ya hatua 109. Lau angeshinda, angefikisha pointi 9 na kanuni zingewalazimu yeye na Gukesh kucheza mchuano wa ziada wa kasi.

Mambo hayakwenda hivyo. Gukesh alielekea Singapore na mnamo Desemba 2024 akamshinda Ding kwa pointi 7.5 kwa 6.5 na kutawazwa bingwa wa dunia akiwa na umri wa miaka 18. Huko nako mambo yaliamuliwa katika mechi ya 14 na ya mwisho, Ding alipofanya kosa katika hali ambayo watazamaji wengi walikwisha kuihesabu kuwa sare.

Swali ni hili: je, yaliyotokea Toronto yalionyesha kuwa Gukesh alikuwa mchezaji bora kuliko Caruana, au yalionyesha tu kuwa Caruana alikosa shabaha alasiri moja?

MIZANI YA PROFESA ELO

Ili kulijibu swali hilo, lazima kwanza kuwe na kipimo cha uwezo ambacho hakitegemei mashindano yenyewe. Kipimo hicho kilibuniwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungary aliyekuwa profesa wa fizikia mjini Milwaukee, Marekani. Shirikisho la sataranji la Marekani lilianza kukitumia mwaka 1960, na Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE) likafuata mwaka 1970.

Elo alimpa kila mchezaji alama zinazopanda anaposhinda na kushuka anaposhindwa. Uzuri wa mfumo wake ni kwamba tofauti ya alama kati ya wawili hutabiri matokeo. Wakiwa sawa, kila mmoja hutarajiwa kupata asilimia 50 ya pointi. Mmoja akimzidi mwenziwe kwa alama 100, hutarajiwa kupata asilimia 64. Akimzidi kwa alama 200, asilimia 76.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Elo hakusema kuwa mwenye alama nyingi atashinda. Alisema atashinda mara nyingi zaidi. Neno "mara" ndilo linaloifungulia bahati mlango. Mchezaji ni yule yule, lakini leo amelala vizuri, kesho ana homa. Leo mpinzani amechagua mtindo wa kufungua mechi ambao ameusoma kwa miezi mitatu, kesho amekutana na jambo geni. Hata rangi ya kete ina uzito wake, kwa kuwa anayeanza na kete nyeupe hupata zaidi kidogo ya nusu ya pointi kwa wastani.

Kabla ya Toronto, Caruana alikuwa na alama 2803, Nakamura 2789, Nepomniachtchi 2758, naye Gukesh 2743. Wastani wa wachezaji wote wanane ulikuwa takriban 2745. Kwa kanuni ya Elo, Caruana alitarajiwa kupata pointi 8.3 hivi katika raundi 14, Nakamura 8 na Nepomniachtchi 7.3. Gukesh, aliyekuwa katikati kabisa ya kundi hilo, alitarajiwa kupata 7.

Hivyo basi, Caruana na Nakamura walicheza kwa kiwango walichotarajiwa na hata kukipita kidogo. Gukesh alikipita chake kwa pointi mbili nzima. Kwa upande wa pili, Alireza Firouzja wa Ufaransa, aliyetarajiwa kupata takriban 7.3 kama Nepomniachtchi, aliambulia pointi 5. Ajabu ni kwamba ni huyo huyo Firouzja aliyekuwa mchezaji pekee wa kumshinda Gukesh katika mashindano hayo.

KARATA ZA MGONJWA

Kanuni ya Elo hutoa wastani tu. Haisemi wastani huo huyumba kwa kiasi gani. Hapo ndipo uigaji wa kompyuta unapohitajika.

Mbinu yenyewe ina historia ya kuvutia. Mnamo 1946, mwanahisabati Stanislaw Ulam, mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi katika maabara ya Los Alamos, Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya kuugua. Alijiliwaza kwa mchezo wa karata unaochezwa na mtu mmoja, na akajiuliza ni mara ngapi karata hizo zikipangwa hukubali kumalizika. Alijaribu kukokotoa kwa kalamu akaona ugumu wake. Ndipo lilipomjia wazo jepesi: kwa nini asicheze mara 100 na kuhesabu tu alizofaulu?

Ulam alilifikisha wazo hilo kwa mwenzake John von Neumann, na mashine za kwanza za kompyuta zikatumiwa kulitekeleza katika utafiti wa nyuklia. Mwenzao Nicholas Metropolis aliibandika mbinu hiyo jina la Monte Carlo, mtaa wa Monaco unaosifika kwa kamari. Leo hutumiwa na mabenki, watabiri wa hali ya hewa, wahandisi na madaktari.

Katika sataranji kazi yake ni rahisi kueleweka. Mashindano ya Wagombea huwa na mechi 56. Kwa kila mechi, kompyuta huchagua nambari yoyote kati ya 0 na 1, mithili ya mtu anayerusha dadu. Tuseme wachezaji wawili wako sawa na mechi 60 kati ya kila 100 huisha sare. Nambari ikiwa chini ya 0.2, wa kwanza ameshinda. Ikiwa juu ya 0.8, wa pili ameshinda; ikiwa katikati, ni sare. Mmoja akiwa na alama nyingi zaidi, mipaka hiyo husogezwa kumfaa kulingana na kanuni ya Elo. Mechi zote 56 zikimalizika, kompyuta huandika jina la mshindi, kisha huanza upya. Ikirudia mara 10,000, kazi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa muda mfupi mno, hupatikana picha ya mashindano yote ambayo yangeweza kutokea, likiwemo lile moja lililotokea kweli.

WANANE WALIO SAWA

Jaribio linalofumbua macho kuliko yote ni lile la kuiga mashindano ya watu wanane walio sawa kabisa, wasiozidiana hata kwa alama moja. Katika ulimwengu huo wa kubuni hakuna aliye bora. Tofauti yoyote itakayojitokeza kwenye jedwali ni kazi ya nasibu tupu.

Kila mchezaji hutarajiwa kupata pointi 7. Lakini kwa kiwango cha sare kilichotajwa, takriban mara saba kati ya kumi atapata pointi kati ya 6 na 8. Mara moja kati ya saba hivi atafikisha 8.5 au zaidi, na mara moja kati ya 14 atafikisha 9 au zaidi. Kwa kuwa wachezaji ni wanane, karibu kila mara atakuwepo mmoja ambaye bahati imemwinua. Ukikokotoa wastani wa pointi za mshindi wa mashindano haya ya watu walio sawa, utapata takriban 8.8.

Sasa linganisha na yaliyotokea kweli. Kati ya 2013 na 2024 kulifanyika Mashindano ya Wagombea saba ya muundo huo wa watu wanane na raundi 14. Magnus Carlsen wa Norway alishinda mwaka 2013 kwa pointi 8.5. Viswanathan Anand wa India alipata 8.5 mwaka 2014, naye Sergey Karjakin 8.5 mwaka 2016. Caruana alipata 9 mwaka 2018. Nepomniachtchi alipata 8.5 katika mashindano yaliyoanza 2020, yakakatizwa na janga la corona na kumalizika 2021; kisha akapata 9.5 mwaka 2022. Gukesh alipata 9 mwaka 2024. Wastani wa washindi hao saba ni 8.79.

Kwa maneno mengine, ukitazama pointi za mshindi peke yake, huwezi kutofautisha mashindano ya miamba wa dunia na mashindano ya watu wanane wasiozidiana chochote. Hili halina maana kuwa Carlsen na wenzake hawakuzidiana. Alama zao zinaonyesha kuwa walizidiana. Maana yake ni kwamba raundi 14 ni chache mno kwa tofauti ndogo zilizopo katika kilele cha mchezo huo kujipambanua zenyewe.

CARLSEN ALIVYOPONEA CHUPUCHUPU

Iwapo Toronto ni mfano wa aliyepanda kupita matarajio, London ya mwaka 2013 ni mfano wa aliye bora kunusurika kwa tundu la sindano. Carlsen, wakati huo akiwa na umri wa miaka 22, aliingia na alama 2872, nyingi kuliko alizowahi kuwa nazo mchezaji yeyote hadi siku hiyo. Aliyemfuata, Vladimir Kramnik wa Urusi, alikuwa na 2810.

Kwa hesabu za Elo, Carlsen alitarajiwa kupata pointi 8.9 naye Kramnik 7.5. Carlsen alipata 8.5, chini kidogo tu ya matarajio. Kramnik alipanda kwa pointi moja, naye akafikisha 8.5. Katika raundi ya mwisho wote wawili walishindwa: Carlsen na Peter Svidler, Kramnik na Vasyl Ivanchuk. Ivanchuk huyo, aliyekuwa amepoteza mechi kadhaa kwa kuishiwa na muda, alikuwa pia amemshinda Carlsen raundi mbili kabla.

Pointi zikiwa sawa, na wawili hao wakiwa hawakushindana walipokutana ana kwa ana, kanuni zilitazama idadi ya mechi alizoshinda kila mmoja. Carlsen alikuwa na tano, Kramnik nne. Kwa kigezo hicho chembamba, Carlsen alisonga mbele, akamvua Anand taji jijini Chennai mnamo Novemba 2013 na kulishikilia hadi 2023, baada ya kuamua kutolitetea.

Ukiiga mashindano ya London kwa alama za wakati ule, Carlsen huibuka mshindi mara nyingi kuliko yeyote mwingine, lakini nafasi yake huwa karibu na nusu tu. Kwa hivyo mchezaji aliyekuwa mbele ya wote alikuwa na uwezekano wa kushindwa unaokaribia sana ule wa kufaulu. Kama mchanganuo wa mechi tano kwa nne ungegeuka, huenda historia ya muongo mzima ya mchezo huu ingeandikwa upya, na wengi wangesema kwa uhakika kuwa kijana huyo hakuwa na ujasiri wa mashindano makubwa.

HESHIMA YA MTU MASHAKANI

Kutoielewa nasibu kwaweza pia kumchafulia mtu jina. Mnamo Novemba 2023, Kramnik, aliyekuwa amestaafu, alitilia shaka hadharani matokeo ya Nakamura katika mechi za kasi za mtandaoni, ambapo Mmarekani huyo alipata pointi 45.5 katika mechi 46 mfululizo. Kwa macho ya kawaida, matokeo hayo ni kama miujiza. Nakamura alikana tuhuma hizo, nayo tovuti ya Chess.com, mwenyeji wa mechi hizo, ikasema kuwa mfululizo wa aina hiyo ni wa kutarajiwa kwa mchezaji wa kiwango chake aliyecheza mechi nyingi kiasi kile.

Hesabu sahili inatosha kuonyesha mantiki ya jibu hilo. Chukua mchezaji anayeshinda mechi 85 kati ya kila 100 kwa kuwa wapinzani wake wengi ni dhaifu kuliko yeye. Uwezekano wa kushinda 45 zinazofuatana, kuanzia mechi moja maalumu, ni takriban mara moja kati ya 1,500. Lakini akicheza mechi 30,000 maishani, mfululizo kama huo hutarajiwa kutokea mara tatu hivi. Ambacho kingeshangaza ni kutotokea kabisa.

Kosa la kimantiki hapa ni kuliona tukio moja la ajabu na kusahau maelfu ya matukio ya kawaida yaliyolizunguka. Aliyeshinda bahati nasibu si mwizi kwa kuwa tu uwezekano wake ulikuwa mdogo. Tiketi zilizouzwa zilikuwa nyingi, na mmoja lazima angeshinda. Uigaji humsaidia mwamuzi kutenganisha la kushuku na la kushangaza tu. Hauwezi kumsafisha mlaghai, wala haupaswi kutumiwa kumtia hatiani mtu ambaye hakuna ushahidi mwingine dhidi yake.

MIPAKA YA KOMPYUTA

Pamoja na sifa hizo, uigaji una mipaka yake, naye Gukesh ndiye anayeidhihirisha vizuri zaidi. Alama za Elo hutazama nyuma. Humpima mtu kwa aliyoyafanya jana, na kijana wa miaka 17 anayepanda kwa kasi huenda leo ana uwezo ambao alama zake hazijaufikia.

Yaliyofuata yalitilia nguvu hoja hiyo. Mnamo Septemba 2024, katika Olimpiadi ya Sataranji jijini Budapest, Gukesh alipata pointi 9 katika mechi 10 kwenye meza ya kwanza ya India, iliyotwaa dhahabu. Alama zake zikapanda. Huenda basi pointi mbili alizoongeza Toronto hazikuwa za bahati tu. Sehemu yake ilikuwa uwezo ambao mizani haikuwa imeupima bado.

Ila mwaka uliofuata ulikumbusha upande wa pili. Katika mashindano ya Grand Swiss mjini Samarkand, Uzbekistan, mnamo Septemba 2025, Gukesh, sasa akiwa bingwa wa dunia, alipoteza mechi tatu mfululizo. Waliomwita fundi asiye na mfano mwaka mmoja kabla wakaanza kuuliza iwapo alistahili taji. Haya yote ni mayumbo ambayo mtu aliyezoea kutazama mashindano 10,000 ya kuigwa asingeshtuka kuyaona. Kuteleza si kuanguka.

Kuna mpaka mwingine. Kompyuta huchukulia kila mechi kuwa haiihusu iliyotangulia. Binadamu hayuko hivyo. Aliyeshindwa Jumatatu huenda akaingia Jumanne akiwa na woga, au akalazimika kujitosa katika hatari kwa kuwa sare haimfai tena. Raundi za mwisho aghalabu huwa na mechi za namna hiyo, na uigaji usiozingatia hali hizo hupotosha kiasi.

DAWA NA MADHARA YAKE

Je, nasibu yaweza kupunguzwa? Dawa ya kwanza inayotajwa ni kuongeza mechi, kwa kuwa uwezo hujumlishwa kila raundi ilhali bahati nzuri na mbaya hufutana. Carlsen alitwaa taji mara tano kati ya 2013 na 2021, na hakuna uigaji wa watu walio sawa unaoweza kulieleza hilo kirahisi.

Dawa hiyo, hata hivyo, ina madhara. Mnamo 1984 Anatoly Karpov na Garry Kasparov walianza pambano la taji jijini Moscow ambalo halikuwa na kikomo. Mshindi angekuwa wa kwanza kushinda mechi sita. Zilichezwa mechi 48. Karpov alishinda tano, Kasparov tatu, na 40 zikawa sare. Februari 1985, rais wa FIDE, Florencio Campomanes, alilisimamisha bila mshindi, akitaja uchovu wa wachezaji. Pambano jipya la mwaka huo liliwekewa kikomo cha mechi 24, naye Kasparov akashinda kwa pointi 13 kwa 11. Jaribio la kuiondoa bahati kabisa lilikuwa limeileta afya na stamina mahali pake.

Dawa ya pili ni mchuano wa ziada baada ya pointi kulingana, badala ya kuhesabu nani alishinda mechi nyingi. Inaondoa uonevu wa aina ya London, japo mechi za kasi zina bahati zaidi kuliko zile ndefu. Caruana alitoka sare na Carlsen katika mechi zote 12 za pambano la taji mwaka 2018 jijini London, kisha akazidiwa mechi tatu kwa nunge katika zile za kasi.

Funzo kubwa zaidi ni kwa wale wenye mashindano mafupi. Kenya ni miongoni mwa mataifa ambayo hupeleka timu katika Olimpiadi ya Sataranji, yenye raundi 11, na mashindano ya wikendi ya raundi sita yanafahamika vyema kwa wachezaji wa vilabu. Katika ngazi hiyo sare ni chache. Tuseme ni moja kati ya kila mechi kumi. Mchezaji anayewazidi wapinzani wake kwa alama 100 hutarajiwa kuwapita kwa pointi 0.8 tu katika raundi sita, ilhali kuyumba kwa kawaida ni takriban pointi 1.2. Bahati inapiga kelele kuliko uwezo. Ili ubora huo ujitokeze kwa uhakika wa kuridhisha, zahitajika mechi zipatazo 46.

Wanaoteua timu za taifa, za sataranji na hata za michezo mingine, wanapaswa kulikumbuka hilo. Kumtupa mchezaji kwa sababu ya wikendi moja mbaya, au kumpandisha mwingine kwa wikendi moja njema, ni sawa na kuamua kesi kwa kumsikiliza shahidi mmoja. Mashindano kadhaa yaliyojumlishwa pamoja, pamoja na alama zilizokusanywa kwa miezi, hutoa ushahidi wa kuaminika zaidi kuliko jedwali moja la Jumapili jioni.

Hakuna hata moja kati ya haya linalomnyang'anya Gukesh taji lake. Kanuni zilitangazwa mapema, wote wanane walizikubali, naye akapata pointi nyingi kuliko wenzake. Huo ndio ushindi, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini "nani ameshinda" na "nani ni bora" ni maswali mawili. La kwanza hujibiwa na jedwali siku mashindano yanapomalizika. La pili lahitaji mechi nyingi zaidi, na kwa wale watatu waliobaki nyuma kwa nusu pointi jijini Toronto, jibu la haki ni kwamba raundi 14 hazikutosha kulitoa.